Jina la Marehemu na Karo ya Mwanafunzi

Siku ya arobaini ya rafiki yangu, baada ya hitima kusomwa na sinia za pilau kuondolewa, tulibaki watu saba barazani kwake, Mombasa. Ilikuwa mwaka 2009. Fedha za michango zilikuwa zimebaki. Mjane tulikuwa tumekwisha kumtengea fungu lake, na kilichosalia alituomba kwa upole tukitumie kwa jambo litakalomkumbusha marehemu. Basi tukakaa pale, kila mtu na kikombe chake cha kahawa, tukijiuliza tumkumbuke kwa lipi.

Rafiki yangu alikuwa mtangazaji wa redio. Kwa zaidi ya miaka ishirini sauti yake ndiyo iliyotangulia jua katika nyumba nyingi za mji wetu. Nje ya pwani hakuwa mashuhuri. Lakini wauza kahawa, makuli wa bandarini, madereva wa matatu na akina mama wanaochoma mahamri alfajiri, wote hao walimjua. Walimjua kwa sauti tu. Sura yake wengi hawakuijua. Tulikuwa tukipita sokoni pamoja wala hakuna aliyegeuka, mpaka afungue kinywa kuuliza bei ya changu. Hapo mwuza samaki aliinua kichwa, akacheka, na bei ikashuka.

Barazani kulikuwa na rai tatu. Ya kwanza, tulijengee kaburi lake jiwe la marumaru lenye jina na tarehe. Ya pili, tuombe ukumbi mmoja mjini uitwe kwa jina lake. Ya tatu, tumlipie karo kijana mmoja asiye na uwezo akasomee utangazaji chuoni, na msaada huo uitwe kwa jina la marehemu.

Mimi nilikuwa upande wa jiwe. Nilifundisha shule kwa miaka thelathini na moja, na watu walitazamia niseme elimu. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi karo inavyowaadhibu watu. Nikasema kwamba jiwe likishasimamishwa limesimama, halirudi mlangoni kwako kila muhula likidai fedha. Mzee mmoja, fundi seremala, aliyekuwa kimya tangu magharibi, akanijibu: "Mwalimu, hiyo ndiyo sababu ya kulikataa."

Siku ile sikumwelewa. Tulipoinua mikono nilishindwa, na kama kwamba kushindwa hakukutosha, wakanichagua kuwa mweka hazina.

Yaliyotokea baadaye nitayaeleza. Kwanza nataka kumchukua msomaji kwa mwanahabari mwingine, ambaye dunia nzima iliyaona aliyoyaona yeye, kwa sababu ni katika kuzifuatilia habari zake ndipo nilipoanza kulielewa neno la yule seremala.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, tarehe 29 Agosti 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Bara Hindi. Alikulia Dar es Salaam, na huko, akiwa bado mwanafunzi, alipata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Chuo cha kumfundisha kazi hakikuwapo. Kile kilichokuja kuitwa Kenya Institute of Mass Communication kilianza Nairobi mwaka 1961, na hapo mwanzo kilikuwa cha kuwafundisha mafundi wa mitambo ya redio. Tanzania ilingoja hadi mwaka 1975 kupata chuo chake cha uandishi wa habari. Kijana wa miaka ya 1950 aliyetaka kazi hii alijifunza kwa kuharibu filamu zake mwenyewe, au kwa kumfuata mtu mzima aliyeijua, akimbebea mikoba. Amin alijifunza hivyo. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alianzisha kampuni yake ya picha hapo Dar es Salaam, akaiita Camerapix.

Haukupita muda kazi ikamfuata. Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, naye alikwenda na kamera yake. Mwaka 1966 alikamatwa kisiwani humo, akafungwa, kisha akaondoshwa kupelekwa Kenya. Tangu hapo Nairobi ikawa kituo chake, na picha zake za sinema zikawa zinapitia shirika la habari la Visnews kwenda katika vituo vya televisheni vya nchi nyingi.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa, Government Road, Nairobi, barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Amin alifika upesi akapiga picha wakati watu wakihangaika kumwokoa. Watu wa rika langu waliziona picha zile na hawakuzisahau.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu mtu aliyekuwa akikata roho mbele ya kamera ile ana sehemu yake katika habari hii. Mboya hakuwa mtangazaji. Lakini kama yuko mtu aliyewafanya watu wa Kenya waamini kwamba kumlipia kijana chuo ni kazi ya umma, mtu huyo ni yeye. Septemba 1959, Kenya ikiwa bado chini ya Waingereza, ndege ya kwanza aliyoshughulikia iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda kusoma vyuo vya Marekani. Wengine mamia walifuata katika miaka michache. Vyuo vilitoa nafasi, marafiki wa Marekani walichanga nauli, na nyumbani jamaa na vijiji vilifanya karamu za chai na ngoma ili kupata fedha za mfukoni za mtoto wao. Mwaka 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri aliyepelekwa chuo kimoja cha Kansas kusomea elimu ya viumbe. Msichana huyo ndiye Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Sanamu ya Mboya ilisimamishwa Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa, mwaka 2011. Ilikuwa miaka arobaini na miwili baada ya kifo chake. Ni sanamu nzuri, nami nimeiangalia. Lakini wanafunzi walikuwa wameitangulia mbali sana. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufundisha, kutibu watu, kuendesha ofisi na kustaafu kabla sanamu haijasimama.

Turudi kwa Amin. Katika Oktoba 1984 alifika Korem, katika nyanda za juu za kaskazini ya Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Huko waliwakuta maelfu ya watu waliokimbia njaa wakiwa wamekaa katika baridi ya alfajiri, na kila kulipopambazuka maiti wapya walikuwa wakifungwa sanda. Taarifa yao ilitolewa Uingereza tarehe 23 Oktoba 1984. Ikaonyeshwa tena na vituo vya televisheni vya nchi nyingi, vikiwamo vya Marekani. Kabla ya mwaka kwisha wanamuziki wa Uingereza walikuwa wametoa wimbo wa kuchangisha fedha, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Njaa ile wakuu wengi walikuwa na habari zake katika makaratasi. Picha za Amin ziliwanyima njia ya kusema kwamba hawakujua.

Wako watu wanaolaumu kazi ya namna ile. Husema kwamba iliwafundisha Wazungu kuiona Afrika kama mtu mwenye bakuli mkononi, na kwamba vita na siasa zilizoikuza njaa hazikuonekana vema katika picha. Lawama hiyo ina uzito, nami siwezi kuitupa. Lakini naona kwamba dawa yake si kuizima kamera. Dawa yake ni kuwa na vijana wengi zaidi wa Kiafrika nyuma ya kamera, wenye ujuzi wa kutosha kusimulia na yale yaliyosababisha njaa. Na vijana hao hawaoti kama majani. Sharti mtu awalipie.

Juni 1991, siku chache baada ya wapiganaji kuingia Addis Ababa na serikali ya Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka mjini humo. Amin alikuwa hapo akipiga picha. Mlipuko ulimkata mkono wa kushoto. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alikufa papo hapo kazini. Amin alitibiwa, akatengenezewa mkono wa bandia wenye kutumia umeme, na baada ya miezi tu akarudi tena kubeba kamera. Habari ya mkono ule imesimuliwa mara nyingi, na ni haki isimuliwe. Lakini mimi kila ninapoisoma hulitafuta jina la Mathai, na mara nyingi hulikuta katika sentensi moja tu, au silikuti kabisa. Mtu wa sauti hutembea hatua moja nyuma ya mtu wa kamera, wameunganishwa kwa waya. Kifo kilipokuja kiliwakuta wote wawili katika waya huo mmoja.

Tarehe 23 Novemba 1996 Amin alipanda ndege ya Shirika la Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Watu watatu waliiteka hewani, wakamtaka rubani awapeleke Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaambia mafuta hayafiki, nao hawakumsadiki. Mafuta yakaisha juu ya bahari yetu, na ndege ikaanguka majini karibu na ufuko wa Ngazija, mbele ya hoteli moja, watu wakiitazama. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Waliookoka walisimulia kwamba Amin alikuwa amesimama, akisema na wale watekaji mpaka dakika za mwisho. Pamoja naye alikufa mwandishi Brian Tetley, mwenzake wa miaka mingi. Amin alikuwa na umri wa miaka 53.

Alizikwa, na pakaja siku ambayo bila shaka jamaa zake nao walikaa kama tulivyokaa sisi wakajiuliza swali letu lile. Jibu lao linajulikana. Mwaka 1998 mwanawe, Salim Amin, aliyekuwa ameshika uongozi wa Camerapix, alianzisha Nairobi Wakfu wa Mohamed Amin, kazi yake ikiwa kuwafundisha vijana wa Afrika Mashariki upigaji picha za televisheni, uhariri na utengenezaji wa filamu. Mtu aliyejifunza kwa kuharibu filamu zake mwenyewe aliachiwa kumbukumbu ya namna hiyo: mahali ambapo kijana ataharibu filamu chini ya jicho la mwalimu, na asitozwe maisha yake yote kwa kosa moja.

Nimelitumia neno wakfu kwa sababu ndilo neno ambalo Kiswahili kimelichagua kwa taasisi za namna hii, na naona lugha yetu haikukosea. Wazee wa mwambao wametufundisha kwamba mtu akifa vitendo vyake hukatika, ila kwa njia tatu: sadaka inayoendelea, elimu inayowafaa watu, na mtoto mwema anayemwombea. Mara nyingi tunaziona njia hizi kama tatu mbalimbali. Tajiri huacha kisima, shehe huacha wanafunzi, maskini huacha mtoto. Katika habari ya Amin nimeziona zimekutana mahali pamoja. Mtoto ndiye aliyeifanya elimu ya baba yake kuwa sadaka.

Namna nyingine ya ukumbusho ilitokea baadaye. Komla Dumor, Mghana aliyeanza kusikika asubuhi katika redio ya Joy FM, Accra, na baadaye akawa mtangazaji wa BBC, alifariki London ghafla tarehe 18 Januari 2014, akiwa na miaka 41. BBC iliweka tuzo kwa jina lake, anayopewa mwanahabari wa Kiafrika anayeishi na kufanya kazi barani. Mshindi huenda London miezi mitatu, akakaa katika chumba cha habari na kufanya kazi pamoja na wenyeji wake. Wa kwanza, mwaka 2015, alikuwa Nancy Kacungira wa Uganda. Kenya ilimtoa Waihiga Mwaura mwaka 2018, Victoria Rubadiri mwaka 2020 na Rukia Bulle mwaka 2024. Dumor hakuwafundisha hawa darasani. Lakini kila mmoja wao, jina lake linapotajwa, humvuta Dumor kwa mkono na kumrudisha katikati ya watu.

Sasa nirudi barazani kwetu.

Mfuko wetu ulikuwa na shilingi 240,000. Kwetu ilikuwa fedha nyingi, na tulifanya kama watu wafanyavyo mbele ya fedha nyingi. Tulimchagua msichana mmoja, yatima wa baba, aliyekuwa na alama nzuri na sauti nzuri zaidi. Akapata nafasi katika chuo kimoja cha Nairobi kusomea stashahada ya utangazaji, miaka miwili, mihula sita. Karo, chumba na chakula vilikaribia shilingi 60,000 kwa muhula. Yeyote anayejua hesabu ya darasa la nne ameshaona kasoro. Mihula minne ilimaliza kila senti.

Sisi tulitumaini kwamba watu wataendelea kutoa. Katika mwaka wa kwanza, siku ya kumbukumbu yake, walitoa kidogo. Mwaka wa pili walitoa pole. Siwalaumu. Walikuwa na maiti wengine wa kuwazika na watoto wao wenyewe wa kuwasomesha. Na sauti mpya ilikuwa imekwisha kushika kiti chake redioni, nayo ilikuwa sauti nzuri.

Msichana alirudi Mombasa kwa likizo, akaja kwangu alasiri moja. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba. Akakaa pembeni ya kiti, hakukaa kiti chote. Akasema: "Mwalimu, chuoni nimeambiwa nisirudi bila karo. Wenzangu wananiita kwa jina la marehemu. Nikikaa nyumbani watasema yeye ndiye amenifukuza."

Nimeyabeba maneno hayo miaka mingi. Tulidhani tumemheshimu rafiki yetu kwa kuliweka jina lake juu ya masomo ya mtoto. Hatukufikiri kwamba jina hilo lingeweza pia kuaibika, na kwamba yeye mwenyewe hakuwapo kujitetea. Tulikuwa tumemwekea dhamana mtu asiyeweza kuikataa.

Usiku ule niliwaendea wenzangu mmoja mmoja. Wawili walikuwa wamehama mji. Tuliobaki tulitoa tulichokuwa nacho. Mimi nilitoa katika pensheni. Yule seremala alileta fedha ya mlango mmoja wa nakshi aliokuwa ameumaliza wiki ile, akauhesabia malipo yake mezani pangu noti kwa noti, hata mbao hakuzitoa. Msichana akarudi chuoni, na mihula miwili iliyobaki tuliilipa kwa namna hiyo, kila mmoja akijua zamu yake.

Ilikuwa katika moja ya safari zile za kukusanya fedha ndipo nilipomwuliza mzee maana ya neno lake la barazani. Alikuwa akipiga randa, hakusimama. Akasema kwamba jiwe halikudai, kwa hiyo utalisahau. Mtoto anadai kila muhula, na kila akidai huna budi kumkumbuka yule aliyekufanya uwe mdaiwa. Nikajipima nikaona kweli. Katika miaka ile miwili hapakupita mwezi ambao sikumtaja rafiki yangu kwa jina, wakati mwingine kwa mapenzi, wakati mwingine, Mungu anisamehe, kwa hasira. Kaburi lake nilikuwa nimelizuru mara tatu tu.

Lakini mzee hakutuachia sifa bure. Alisema kosa letu lilikuwa kukata mnazi ili tupate madafu. Babu zetu waliokuwa na nyumba au shamba wakaliweka wakfu kwa ajili ya msikiti au chuo cha watoto, hawakuliuza. Nyumba ilipangishwa, na kodi yake ndiyo iliyonunua mafuta ya taa na misahafu. Minazi ilianguliwa, na nazi zake ndizo zilizomlisha mwalimu. Shina halikuguswa. Vyuo vikuu vya ng'ambo vinavyotoa misaada ya masomo kwa majina ya marehemu hufanya vivyo hivyo: fedha asili huwekwa mahali pa kuzaa, na mwanafunzi husomeshwa kwa kile kilichozaliwa.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu ambayo ilinipasa kuipiga miaka miwili kabla. Shilingi 240,000, kama zingezaa nane kwa mia, zingetoa shilingi 19,200 kwa mwaka. Haitoshi karo ya muhula mmoja hata robo yake haifiki kwa mwaka mzima wa masomo. Ili kumsomesha kijana mmoja kikamilifu, kwa shilingi 180,000 za mwaka, tungehitaji shina la shilingi 2,250,000. Hatukuwa nazo, wala tusingezipata. Basi tulikuwa na njia mbili za kweli: kungoja miaka mingi tukikusanya haba na haba, au kuahidi kidogo. Sisi tulichagua ya tatu, ambayo ni kuahidi kikubwa kwa fedha ndogo. Njia hiyo ndiyo rahisi kuianza, na mzigo wake humwangukia mtoto.

Mwaka 2014 tuliuanzisha mfuko upya, kwa masharti mengine. Shina haliguswi. Hatuahidi karo. Tunalipa nauli ya kwenda na kurudi na vitabu, kwa mwanafunzi mmoja tu wa utangazaji, na hatumtangazi mtu mpaka fedha ya mwaka wake wote iwe imekwisha kutengwa. Ni msaada mdogo, wengine hutucheka. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyekuja kukaa pembeni ya kiti changu.

Jambo jingine tulilolibadili lilitoka kwangu, na nililipata kwa John Mathai. Kwa muda wote rafiki yangu alipokuwa hewani, upande wa pili wa kioo alikaa fundi wa mitambo, mtu mkimya, aliyemfungulia na kumfungia sauti kwa ishara ya kidole. Alifariki mwaka mmoja baada yake, na hatukufanya mkutano wowote. Sasa hati ya mfuko ina majina mawili. Mwaka mmoja humsaidia anayesomea kusema, mwaka mwingine anayesomea kurekodi.

Yule msichana alimaliza masomo yake, akapata kazi katika redio. Mara ya kwanza alipopokea mshahara alikuja na kilo mbili za sukari na kanga ya mke wangu. Tukanywa chai. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia. Akasema: "Mwalimu, mimi nilikuwa mdogo, na kwetu hatukuwa na redio. Alikuwa akisemaje?"

Nikamwahidi kumtafutia kanda. Nilikwenda mahali nilipodhani zimehifadhiwa. Nikaambiwa kwa heshima zote kwamba kanda zilikuwa ghali siku zile, zilifutwa ili zitumiwe tena, na hazikubaki. Picha za Amin zimewekwa ghalani na mtu anaweza kuziona leo. Za rafiki yangu, miaka zaidi ya ishirini ya alfajiri, hakuna hata dakika moja.

Nilirudi nikamweleza. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, nilisimama pale sebuleni, mzee mzima, nikajaribu kumwigiza alivyokuwa akiwasalimu wasikilizaji, alivyolivuta neno la mwisho na kunyamaza kidogo kabla ya kutaja saa. Sikuweza vizuri. Mke wangu alicheka, akanisahihisha mahali pa kunyamaza. Msichana alisikiliza, akarudia. Akarudia tena. Mara ya tatu mke wangu aliacha kucheka akaweka kikombe chini.

Siku hizi mimi huamka alfajiri kama wazee wote, nikafungua redio. Yeye hana sauti ya marehemu, ana yake mwenyewe, na ndivyo ipasavyo. Lakini kabla ya kutaja saa hunyamaza kidogo.